Nyapara na Kofia Zisizo na Mdomo

Nyapara hakuwahi kuniitikia shikamoo. Nilimwamkia kila asubuhi kwa karibu miaka miwili, uani pale ofisini Msamvu, akiwa ameinamia kamba zake, na kila asubuhi alinijibu kwa mguno uliotokea puani, kama mtu anayekubali shingo upande kwamba kumekucha. Nilidhani ana ugomvi na mimi. Shomari, mmoja wa vijana wa kuvuta kamba, aliponisikia nikilalamika alicheka sana. "Dada, huyo hata malaika akimpa shikamoo atamwambia mh."

Nyapara ni jina tulilomwita sote, na alilipenda. Ni neno la kumwita msimamizi wa vibarua, lililobaki tangu enzi za mashamba ya mkonge, na mtu mwingine angeliona tusi. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ana watoto wangapi. Mtu akishaelezewa ukoo wake, msomaji huanza kumwonea huruma, nami sina haraka ya kufika huko.

Kazi ya kikosi chetu ilikuwa kupunguza miti: matawi yaliyoegemea nyaya za umeme, mikaratusi iliyoinamia barabara, mijohoro iliyopasua kuta za shule. Zamani kazi hiyo ilifanywa na shirika la umma. Shirika likavunjwa, likauzwa vipandevipande, na mwenye kampuni yetu, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, akashinda zabuni. Miaka ile kila kitu kilikuwa zabuni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, sosholojia, nikarudi nyumbani Morogoro nikiwa na digrii na maoni mengi. Tajiri alinichukua nimwandikie zabuni zake kwa Kiingereza na kwenda na kikosi kupiga picha za kazi. Nyapara yeye alikuja pamoja na mali ya shirika. Tajiri alinunua lori, kamba, ngazi, misumeno ya mnyororo, na mzee mmoja mwenye sauti.

Sauti yenyewe niieleze. Ilikuwa nene, kavu, isiyopanda wala kushuka, na haikuchoka. Wengine hufoka, wakishafoka hupoa. Yeye alifoka kama mashine ya kusaga inavyosaga. "Kata. Kata basi. Unakata ndizi? Huo ni mti. Vuta. Nani kakwambia uvute?" Alisema hayo akiwa ameketi juu ya dumu la mafuta, miguu imetulia, mikono juu ya magoti. Sikumwona akikimbia hata mara moja.

Alikuwa na msemo wake: "Mikono iko juu, kichwa kiko chini." Maana yake ni kwamba mpandaji mtini ni mikono tu, anayefikiri ni yeye aliyeketi kwenye dumu. Nilimuuliza siku moja kama mpandaji haoni vitu ambavyo mtu wa chini hawezi kuviona: ufa, mzinga wa nyuki, tawi lililooza kwa ndani. Akanitazama kwa upole wa kuudhi. "Binti wa chuo, mti huu unaitwaje kwa Kizungu?" Nikamtajia. "Basi uambie kwa Kizungu uanguke polepole." Kikosi kizima kilicheka, na mimi nilicheka pia, kwa sababu ilichekesha. Hilo lilikuwa moja ya mambo niliyomchukia kwayo: alikuwa na akili ya kutosha kujua alichokuwa anakikwepa.

Alichukia pia vyama vingi, redio mpya za Dar zilizoanza kusikika mjini, simu za wasikilizaji, na vijana waliobishana siasa kwenye lori. Hakuwa na hoja. Alikuwa na swali moja tu: "Wote mkiongea, nani atasikia?" Nilimjibu mara nyingi, kwa marefu, na nadhani nilimjibu vizuri. Hakuna ushahidi kwamba alinisikia.

Sasa jambo ambalo halikai vizuri na mengine. Jumapili Nyapara aliimba besi katika kwaya ya misheni huko mlimani. Nilikwenda mara moja, kwa udadisi, nikaketi nyuma. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama mdogo wa umbo, labda nusu ya umri wake. Alipoinua kidole, Nyapara alianza. Alipokikunja, Nyapara alinyamaza hata kama pumzi ilikuwa bado imejaa kifuani. Alisikiliza sauti za wengine akiwa ameinamisha kichwa, akazipisha, akazijibu pale zilipotaka kujibiwa. Nilitoka kanisani na hasira ambayo sikuitarajia. Kabla ya hapo nilikuwa nimemhesabu kama mtu asiyeweza kusikiliza.

Na alikuwa na wema wake, wa aina yake. Manyigu walipomshambulia Shomari kwenye mteremko juu ya Mlali, Nyapara alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akimtukana njia nzima. Hakuiba mafuta ya misumeno, katika kampuni ambayo kila mtu aliiba mafuta. Na ndiye aliyeleta ile desturi ya kuitikiana, ambayo bila hiyo nadhani watu wangekufa kabla mimi sijafika.

Desturi ilikuwa hivi. Mpandaji akiwa tayari kuangusha tawi anaita kwa sauti ndefu ya kimlima, "Nashusha!" Kila mtu wa chini, mmoja mmoja, anajibu "Shusha", kuonyesha kwamba amesikia na amekaa mbali. Mpaka wa mwisho ajibu, msumeno haugusi mti na kamba haivutwi. Mtu asipojibu, kazi inasimama. Nyapara aliiweka sheria hiyo enzi za shirika, baada ya mfanyakazi kuangukiwa na tawi. Wote waliifuata isipokuwa yeye. Yeye hakujibu. Wapandaji walimtafuta kwa macho, wakimwona kwenye dumu lake wakaendelea. Sheria aliitunga kwa ajili ya wengine, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha zikaja kofia.

Tajiri alizipata Dar, kwenye shehena ya mitumba iliyoshuka bandarini pamoja na makoti ya baridi na viatu vya theluji. Zilikuwa kofia ngumu tano za rangi ya chungwa, zimekwaruzwa, jina la kampuni ya huko zilikotoka limefutwa kwa kisu. Kila kofia ilikuwa na vifuniko vikubwa vya masikio vya kuzuia kelele ya msumeno. Ndani ya vifuniko kulikuwa na spika ndogo, na mbele ya mdomo kilitokeza kijiti kilichopinda chenye maiki iliyovikwa sponji. Redio ya upepo ndani ya kofia. Hukubonyeza kitu. Uliongea tu, na wenzako wanne walikusikia masikioni kama vile umewaegemea bega. Tajiri alitaka niziandike kwenye zabuni kwa herufi kubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Tulikuwa kwenye mikaratusi ya barabara ya Dumila. Kobelo, mpandaji wetu mkuu, kijana mkimya wa Kiluguru aliyepanda mti kama anatembea sebuleni, alikuwa juu kabisa. Kwa mara ya kwanza tulisikia anachokiona. Alisema taratibu, bila kupaza sauti, kwamba tawi la kushoto lina maji ndani. Alisema anaona lori la vitunguu linakuja. Chini wakamjibu, wakamuuliza, wakamtania. Shomari akasimulia mpira wa jana. Tawi lilikuja chini kwa utulivu ambao sijawahi kuuona, kila mtu akijua mwenzake yuko wapi. Mimi nilivaa kofia ya tano, na nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

Kisha Shomari akaanza kumwigiza Nyapara. "Kata. Kata basi. Unakata ndizi?" Aliigiza vizuri mno. Kobelo alicheka huko juu mpaka tawi likatikisika. Wakaongeza wote, kila mmoja na kipande chake: huo ni mti, nani kakwambia uvute, mikono iko juu. Walikuwa wamesahau kwamba Nyapara naye amevaa kofia. Mimi sikusahau, nilikuwa nikimtazama. Alikaa kwenye dumu lake akisikiliza sauti yake ikitoka kwenye vinywa vya wengine. Uso wake haukubadilika. Kutwa nzima iliyobaki hakusema neno, na watu walidhani ni uchovu.

Kesho yake asubuhi kofia nne hazikuwa na maiki. Vile vijiti alikuwa amevifungua kwa bisibisi, akavitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga na kulibeba kwenye mfuko wake wa chakula. Iliyobaki, yake, ilikuwa nzima. Alieleza kwa maneno mawili kwamba maiki nyingi zinamaliza betri. "Sasa mtasikia vizuri," akasema.

Walisikia. Walisikia kuanzia asubuhi mpaka jioni, ndani ya fuvu, bila upepo wa kuipunguza ile sauti wala umbali wa kuikimbia. Zamani mtu alikuwa anapanda juu kupumzika mbali na Nyapara. Sasa alikwenda naye. Kobelo aliniambia siku moja kwamba usiku akilala bado anamsikia akimwambia avute.

Nilikwenda kwa Tajiri. Nilimwambia kofia zilitengenezwa ili watu waongee, na kwamba mtu aliye juu ndiye mwenye habari. Akamwita Nyapara, Nyapara akasema betri. Akaangalia kazi iliyofanyika wiki ile, na kwa kweli ilikuwa imekwenda haraka kuliko zamani. Sina budi kulisema hilo. Amri inakwenda haraka kuliko mazungumzo. Tajiri aliniuliza kama zabuni ya Mkuyuni imeshachapwa.

Lililobadilika, na nililiona polepole, ni ile desturi. Vifuniko vya masikio vilizuia sauti ya nje. "Nashusha" ya Kobelo haikuwafikia tena watu wa chini. Basi Nyapara akaanza kuwasemea wote. Akiona yeye kwamba mambo yako tayari, alitamka "Shusha" kwenye maiki yake, na walio chini wakavuta. Hakuna aliyekaa kikao kukubaliana hivyo. Jibu la watu wengi liligeuka amri ya mtu mmoja, na kwa kuwa walikuwa wamezoea kwa miaka kwamba likisemwa hilo kuna usalama, mikono yao ililiamini.

Tulikuwa kwenye barabara ya kwenda Mkuyuni, kwenye mkangazi mkubwa uliolalia waya. Kobelo alikuwa juu anafunga kamba kwenye tawi. Fundo lilikuwa limekaa vibaya, akaingiza mkono wa kushoto kati ya kamba na shina ili alirekebishe. Lori la abiria lilikuwa linapanda kilima. Nyapara alitaka tawi litoke njiani kabla lori halijafika. Kutoka kwenye dumu alimwona Kobelo mgongo tu. Akasema, "Shusha."

Shomari na mwenzake wakavuta.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara na kamera, kichwa wazi, kwa sababu kofia yangu nilishairudisha. Nilimsikia Kobelo. Aliita simama, akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kiluguru, akaita jina la Shomari. Nilikimbia nikipiga kelele, lakini wale wawili walikuwa wamenipa mgongo na masikioni mwao kulikuwa na sauti moja tu ikisema shusha, shusha basi, mnangoja nini. Wakaongeza nguvu. Mwishowe Kobelo aliivua kofia yake kwa mkono uliobaki na kuitupa. Ilianguka mbele ya miguu ya Shomari, ikadunda. Shomari akatazama juu.

Vidole viwili vya Kobelo vilikatwa hospitalini, na cha tatu hakikunjiki mpaka leo.

Ofisini, Tajiri aliuliza ilikuwaje. Nyapara alisimama wima, kofia yake kwapani, akasema kwa sauti ileile: "Mimi sikusikia mtu yeyote akisema simama." Nilifungua mfuko wake wa chakula mbele yao wote, nikatoa kopo la maziwa, nikalimimina juu ya meza. Vijiti vinne vilibingirika kati ya kalamu za Tajiri. Nikamwambia kwamba sauti za watu wake zilikuwa humo. Tajiri alivikusanya, akavirudisha kwenye kopo, akasema kwamba mpandaji hatakiwi kuweka mkono kati ya kamba na mti, jambo ambalo ni kweli. Kobelo aliachishwa kazi kwa uzembe. Mimi niliondoka mwenyewe wiki hiyohiyo.

Kobelo hakudai makubwa. Nilipomtembelea wodini alisema anataka kitu kimoja, mzee aseme kwamba aliita. "Sitaki aseme amekosa. Aseme tu kwamba niliita. Watu wanadhani nilikaa kimya kama mjinga mpaka mkono ukakatika." Nyapara alikwenda kumwona; Shomari alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alibeba machungwa. Akaketi kando ya kitanda mchana mzima, akamenya machungwa moja baada ya jingine, akayapanga kwenye sahani, hakusema neno. Kobelo alingoja. Kengele ya kufunga wodi ilipolia, Nyapara alifuta kisu chake kwenye suruali, akaondoka.

Nimewasikia watu wakisema yale machungwa yalikuwa namna yake ya kuomba radhi. Siwaamini. Mtu mwenye sauti kama ile haombi radhi kwa machungwa.

Miaka ilipita. Kampuni ya Tajiri ilikufa kama zilivyokufa nyingine, na Kobelo akaanzisha kikosi chake, yeye na Shomari na wengine wawili. Bado anapanda; ana namna yake ya kushika kwa kiganja na kiwiko. Kofia za redio alizinunua mpya kidogo, na kila moja ina maiki yake. Mimi nafanya kazi Dar, nikirudi nyumbani huwatafuta. Safari moja nilimkuta Kobelo anapakia kamba. Wanakwenda Mlali, akaniambia, kwa Nyapara. Mzee amestaafu, ana mkaratusi ulioinamia jiko lake, na masika yamekaribia.

Nilimuuliza kwa nini amekubali. "Ana mti," akasema. "Na hana mtu mwingine wa kumwita."

Nyapara alikuwa amekonda, lakini dumu lilikuwepo, uwanjani mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia kwa mazoea, bila kutegemea kitu. "Shikamoo."

"Marahaba, binti wa chuo," akasema.

Nilishtuka kiasi kwamba nilianza kufikiri mambo ya kijinga, kwamba uzee umemlainisha, kwamba nimemwonea miaka yote hii. Akauliza habari za Dar. Akamtazama Kobelo usoni, halafu mkono, halafu usoni tena. Kobelo akampa kofia. Sheria yake ni kwamba yeyote atakayekuwa uwanjani anavaa kofia na anajibu. Nyapara aliipokea, akakigusa kile kijiti cha maiki kwa kidole, akaivaa. Mimi nilivaa ya akiba.

Kobelo alipanda. Alipofika juu tulisikia pumzi yake, kisha sauti yake, taratibu kama siku ile ya Dumila.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema Nyapara. Ilikuwa sauti ileile, ila ndogo.

"Kule barabara ya Mkuyuni niliita. Niliita sana."

Tulikuwa watu sita tumeunganishwa masikio, tukisikiliza pumzi ya mzee mmoja. Alikuwa ameketi kwenye dumu, mikono juu ya magoti. Midomo yake ilifunguka, nikajua kwamba sasa atasema, na nilitamani aseme kuliko nilivyowahi kutamani kushinda ubishi wowote.

"Haya," akasema Kobelo baada ya muda. "Nashusha."

"Shusha," akasema Shomari.

"Shusha," wakasema wale wengine wawili.

"Mzee, nakungoja wewe."

Nyapara alisimama. Aliivua kofia kwa mikono miwili, polepole, kama anavua kitu kilichomkaza, akaiweka juu ya dumu. Akavuka uwanja, akaingia ndani ya nyumba, upande ulio mbali na mti, akafunga mlango. Muda mfupi baadaye nilimwona dirishani, nyuma ya wavu wa mbu. Alikuwa anatazama juu kwa Kobelo, na mdomo wake ulikuwa unakwenda. Kata, labda. Kata basi. Sikuweza kumsikia, na nilipotambua kwamba siwezi kumsikia sikuvua kofia.

"Ameondoka?" Kobelo akauliza masikioni mwangu.

"Ameingia ndani."

Upepo wa mlimani ulikuwa unavuma kwenye maiki yake.

"Umebaki wewe, dada. Nashusha."

Nilitazama kushoto na kulia, nikarudi nyuma hatua chache, nikahakikisha nilipo.

"Shusha," nikasema.